Nilianza na Mwisho Wao

Mimi si mtu wa kulia. Waulize wateja wangu, watakwambia yule mwanamke wa karakana ya kujalidi vitabu ana ulimi mkali kuliko kisu chake cha kukatia karatasi. Sasa fikiria Shangazi alivyoshtuka asubuhi ile aliponikuta nimekaa kwenye kigoda, kitabu mapajani, machozi na kamasi vinashindana kushuka.

"Gundi! Nani kafa?"

Gundi ndilo jina langu. Nilipewa utotoni, kwa sababu nimekulia humu humu karakanani kwa marehemu baba, vidole vikinata kwenye kila nilichokishika.

"Hajafa mtu, Shangazi. Wamesahauliana."

"Akina nani?"

"Mvulana na msichana. Wa humu kitabuni."

Shangazi alikisogelea kitabu akakichungulia bila kukigusa. Kilikuwa kitabu kinene cha katuni za Kijapani, zile wanazoziita manga, na pale kilipofunguka palikuwa na wanafunzi wa sekondari waliovaa sare, macho makubwa kama visahani.

"Katuni!" akasema. "Mwanamke wa miaka thelathini na sita analia kwa sababu ya katuni! Na leo ndiyo siku mwenzio anakuja kuchukua jibu lake. Utampokea na macho hayo?"

"Usiwe na wasiwasi. Jibu ninalo. Nitakubali."

Basi Shangazi akasahau katuni, akasahau na kamasi zangu. Alinikumbatia mpaka kitabu kikadondoka. "Ewe mwanangu! Umenitua mzigo! Ngoja nikabadilishe nguo nimfuate mwenyewe dukani kwake, nisije nikakupa nafasi ya kugeuza maneno." Akatoka mbio, mguu wake mbovu ukiwa umepona ghafla.

Huyo "mwenzio" alikuwa Mzee wa Vioo, muuza vioo vya madirisha wa mtaa wa pili. Mjane, mpole, nguo zake zimenyooka, hana kelele na mtu. Alikuwa ameniposa, akanisubiri kwa adabu wiki kadhaa, nami nilikuwa namzungusha bila kujua nasubiri nini. Sikumpenda, sikumchukia. Nilikuwa namwona kama unavyoona ukuta mzuri.

Kilichonifanya nikate shauri ni kile kitabu.

Kililetwa na Fundi Meno, kijana anayetengeneza meno ya bandia kwenye ghorofa iliyo mkabala na karakana yangu. Kilikuwa kimechoka, mgongo umepasuka, kurasa zinachomoka. Na nilipokigeuza nikaona ajabu: jalada lenye picha kubwa na jina la hadithi liko nyuma, la nyuma liko mbele! Nikacheka peke yangu. Kiwanda kizima, watu na mashine zao, hakuna aliyeona! Nikabandua majalada yote mawili, nikayabadilisha, nikashona upya, nikapaka gundi, nikakiweka kwenye kibano. Kilipotoka kilikuwa kitabu cha heshima. Nikajipongeza.

Halafu, kwa kupoteza muda tu, nikakifungua.

Jamani. Hadithi ilianza pale watu wengine wanapoishia. Mvulana na msichana wamesimama getini mwa shule siku ya mwisho ya masomo, mvua inanyesha, mwavuli wanao na hawajaufungua, maana mikono yote imeshikana. Nilisoma picha zile kutoka kushoto, nikakuta watu wanajibu kabla hawajaulizwa. Msichana anasema, "Ndiyo, nitakungoja," halafu ndiyo mvulana anauliza, "Utaningoja?" Nikasema lahaula, hawa kweli wanapendana! Wamejuana mpaka mtu anajibu swali lililo bado tumboni mwa mwenzake.

Nilikuwa sijawahi kusoma kitu kama kile. Mimi sekondari niliiacha katikati, baba alipopooza na karakana ikabaki haina mtu. Wenzangu walipokuwa wanapeana macho darasani, mimi nilikuwa nachemsha gundi. Kwa hiyo nilikisoma kama mtu anayechungulia nyumba ambayo alitakiwa kukaa.

Lakini kadiri nilivyofunua, mapenzi yalizidi kupungua. Wakaacha kushikana mikono. Wakaanza kuoneana haya. Wakagombana kwa mambo ya kijinga. Pakatokea mahali msichana anampa mvulana penseli, ukurasa unaofuata mvulana anavunja penseli kwa siri chini ya meza, na nikamchukia yule mtoto kutoka rohoni. Anapewa kitu anakivunja! Mwishowe, ukurasa wa mwisho kabisa, msichana anaingia darasani, mvulana anatazama nje dirishani, wala hageuki. Kama hawajawahi kuonana.

Hapo ndipo Shangazi aliponikuta. Na hapo ndipo nilipoamua. Ikiwa mapenzi ya namna ile mwisho wake ni kutojuana, bora ukuta. Ukuta haukusahau.

*

Fundi Meno alikuja Shangazi akiwa bado hajarudi. Aligonga mlango ulio wazi, kama kawaida yake, akasimama na koti lake jeupe lenye vumbi la plasta mifukoni.

"Hodi, Fundi."

"Karibu. Kitabu chako kipo tayari. Na nikwambie kabisa, kimeniharibia siku."

Akatabasamu. "Umekisoma?"

"Nimekisoma nikajuta! Unawezaje kukaa na kitu cha kikatili hivi nyumbani? Watu wanapendana vile, halafu wanaishia kutotazamana!"

Tabasamu likaganda. Akakichukua, akalitazama jalada, akakifungua. Akakifunga. Akakigeuza nyuma, akakifungua tena. Nikaona mabega yanaanza kumtikisika.

"Fundi," akasema polepole, "umebadilisha majalada?"

"Nimekusahihishia. Kiwanda kilikosea."

"Kiwanda hakikukosea."

"Unanifundisha kazi?"

"Mungu apishe mbali." Alikuwa anauma mdomo asicheke. "Ila wenzetu Wajapani wanasoma kuanzia kulia. Hapa ulipoona mwisho ndipo mwanzo."

"Vitabu vya kuanzia kulia navijua! Nimejalidi vya Kiarabu usivyoweza kuvihesabu. Lakini hiki maneno yake ni ya lugha yetu, yanatoka kushoto kwenda kulia. Nikubali lipi?"

"Maneno wameyatafsiri. Picha wameziacha zilivyochorwa. Kila sentensi unaisoma kama kawaida, lakini kurasa na vile visanduku vya picha unavifuata kutoka kulia."

Nikakivuta kitabu, nikautafuta ule ukurasa ulioniliza.

"Kwa hiyo," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo mpaka nikaionea aibu, "pale msichana anapoingia darasani na mvulana hageuki... hawakusahauliana?"

"Hapana, Fundi. Walikuwa bado hawajajuana."

Niliketi. Kitu kilikuwa kinanipanda kifuani, kikubwa, sina jina lake. Yaani yale yote niliyoyalilia hayajatokea! Ule ukurasa wa huzuni kupita zote ulikuwa ndio lango! Msichana yule amebeba begi lake, hajui kwamba yule asiyegeuka ndiye atakayekuja kumshika mikono mvuani. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, wahenga walisema, lakini mimi mshangao wangu ulinitosha huo huo.

"Nisomee," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mvulana wewe, msichana mimi. Nionyeshe njia na kidole."

Akavuta kigoda cha pili. Tukakiweka kitabu juu ya meza ya kukunjia karatasi, katikati yetu, akakifungua upande ule niliouita mwisho. Kidole chake kilikuwa na rangi ya waridi kwenye kucha, ile nta wanayotengenezea fizi. Kikatoka kulia, kikashuka, kikarudi kulia. Nami macho yangu yakakifuata kama mtoto anayeanza shule.

Ajabu ya watu wale! Kumbe walikuwa wanachekesha! Maneno niliyoyaona ya kishujaa yalikuwa ya aibu tupu. Mvulana anauliza, "Leo ni siku gani?" Msichana, aliyemtazama muda wote asisikie kitu, anajibu, "Nzuri sana." Kwa njia yangu nilikuwa nimeelewa kwamba anasifu siku! Tulicheka mpaka mpita njia akachungulia. Nilikuwa sijacheka namna ile tangu baba angali hai.

Tukafika kwenye penseli.

Kidole cha Fundi Meno kilipita pale haraka. Nikakishika.

"Ngoja. Usikimbie."

Kulia: mvulana, chini ya meza, anavunja penseli. Kushoto: mvulana huyo huyo, uso mwekundu, anamwambia msichana, "Samahani, yangu imevunjika. Naomba yako." Na msichana anampa.

Haikuwa ya msichana ile aliyoivunja! Ilikuwa yake mwenyewe! Alivunja kitu chake kizima apate sababu ya kumsemesha. Nikafunua mbele. Kesho yake akavunja nyingine. Keshokutwa akapoteza kifutio.

Nikainua uso.

"Kalenda," nikasema.

"Kalenda gani?" Lakini masikio yake yalikuwa yameshabadilika rangi.

"Uliniletea kalenda ya ukutani nikujalidie. Kalenda! Nikakutukana humu ndani, nikakuuliza nani anajalidi kalenda ambayo mwaka ukiisha inatupwa. Ukasema wewe unapenda vitu imara."

"Napenda vitu imara."

"Ukaleta maelekezo ya mashine ya kusaga meno, kwa lugha usiyoweza kuisoma."

"Yalikuwa yanachanika."

"Ukaleta magazeti ya zamani! Ukaleta kijitabu cha mfano wa rangi za meno, kina kurasa tano!"

Alitazama meza. Mtu mzima, mikono inayochonga meno mpaka mwenyewe anasahau yapi alizaliwa nayo, na haijui ikae wapi. "Ofisini kwangu," akasema, "hakuna karatasi iliyobaki bila jalada. Wagonjwa wanadhani mimi ni wakili."

Ningetakiwa kucheka. Nilishindwa. Nilikuwa namtazama kama mtu anayeona chumba kipya ndani ya nyumba aliyoizoea. Yule bwana alikuwa amesimama mlangoni pangu mwaka mzima na mimi namsoma kinyume! Nilidhani ni msumbufu. Nilidhani ana wazimu kidogo wa makaratasi.

"Na hiki kitabu?"

"Hicho nilikisoma sekondari, nikakisoma tena na tena. Sikutaka kukitoa nyumbani. Lakini vitu vya kuleta viliniishia."

"Kwa nini hukusema, we mwanaume?"

"Nani, mimi? Kwako?" Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile, na macho yake yalikuwa na woga na furaha kwa pamoja. "Nimeona unavyowaambia wateja kuhusu karatasi mbovu. Wanatoka hapa wanajipapasa kama wamepigwa. Nilisema, ngoja kwanza nizoeleke. Halafu nikasikia habari za Mzee wa Vioo. Nikasema maji yameshamwagika, nami nikajalidiwe kitabu changu nirudi kwangu."

Goti lake lilikuwa karibu na langu, na nilikuwa nalijua goti lile kama mtu anavyojua moto uko upande gani. Miaka thelathini na sita! Kumbe mwili unaweza kujua kitu hivyo? Kumbe ndicho watu walichokuwa wanaimbia siku zote, nami nikidhani wanatia chumvi? Nilitamani kumpigia magoti aliyeumba jambo lile. Wakati huo huo nilisikia kicheko cha Shangazi nje barabarani, na kikohozi cha adabu cha mwanaume nyuma yake.

*

"Huyu naye anafanya nini hapa?" Shangazi aliuliza kabla ya salamu.

Fundi Meno alisimama. "Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alijibu Mzee wa Vioo, akavua kofia.

Shangazi hakuitikia. Alitazama vigoda viwili vilivyokaribiana, akatazama uso wangu, na uso wangu haukujua kudanganya. "Ahaa," akasema. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Mwanaume mdogo kwako kwa miaka mitano, mwaka mzima anakuita Fundi, Fundi, hajawahi kukuita dada hata kwa bahati mbaya. Asiyekuita dada ana lake jambo! Haya bwana mdogo, umechukua mzigo wako, kwaheri. Hapa kuna mazungumzo ya watu wazima."

"Abaki," nikasema.

"Gundi!"

"Shangazi, nakuomba. Abaki."

Mzee wa Vioo alikuwa amekwisha kuelewa, nadhani. Watu wapole huelewa haraka, hawana kelele za kuwazuia. Akakaa taratibu, kofia magotini. "Binti," akasema, "mimi nimekuja kusikia jibu. Liwe lolote, nitalipokea."

Asubuhi neno lilikuwa "ndiyo" na halikuwa na uzito wowote. Sasa nilitakiwa kumuumiza mtu asiye na kosa, mbele ya mwanamke aliyenilea.

"Mzee wangu, asubuhi nilisema nitakukubali. Shangazi hakukudanganya. Lakini nilitaka kukukubali kwa sababu nilijua huwezi kuniumiza. Sikupendi, kwa hiyo ungefanya nini kingeniuma? Hiyo si heshima kwako. Wewe ni mtu mzuri. Nisamehe. Jibu langu ni hapana."

Shangazi alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari. Mzee wa Vioo alizungusha kofia.

"Marehemu mke wangu," akasema mwishowe, "alinirushia sufuria wiki ya kwanza ya ndoa. Nilikwepa, nikatoka nje, nikakaa kizingitini nikicheka peke yangu kwa furaha kwamba nyumba yangu ina mtu yule." Akainuka. "Nilikuja kwako kwa sababu nilitaka utulivu, binti. Hata mimi sikukutendea haki. Kaa salama."

Alimpa Fundi Meno mkono. Akatoka, akaufunga mlango kwa upole, kwa sababu una kioo.

Basi Shangazi akalipuka.

"Umefurahi? Mtu ana nyumba, ana duka, ana akili zake timamu, umemfukuza kwa ajili ya nani? Ya huyu? Huyu amekutamkia nini?"

"Hajanitamkia."

"Hajakutamkia!" Akapiga makofi ya mshangao. "Mnasikia? Hajatamka neno na mwenzake amefukuzwa! Kwa umri wako, Gundi, unachezea bahati kama una nyingine kabatini! Na ukishazeeka, yeye bado kijana, atakapokuacha utamlilia nani? Mimi nitakuwa udongoni!"

Alikuwa analia sasa, na hapo ndipo nilipoona si hasira. Shangazi alikuwa anaogopa. Alitaka kunikabidhi kwa mtu kabla hajaondoka, na mtu wa kukabidhiwa ametoka mlangoni amevaa kofia yake.

Nikamshika mkono. Nikamgeukia Fundi Meno.

"Basi natamka mimi," nikasema. "Sijui haya mambo yanasemwaje, yalinipita yakiwa shuleni, mimi nikiwa huku. Lakini nakupenda. Nimejua leo, na naona kama ni kitu kikubwa kuliko nyumba hii. Naogopa sana. Kama nimekusoma vibaya, sema sasa hivi nife mara moja."

Alisimama tu, mdomo wazi, macho yamejaa maji. Fundi wa meno, na meno yake yote nje!

"Maji umeyavulia nguo, yaoge," Shangazi akamwambia kwa ukali, akijifuta uso. "Mtu akiambiwa neno kama hilo hajibu kwa macho."

"Nakupenda," akasema. Sauti ilimkatika. "Nakupenda, mpaka asubuhi nikiamka nasikiliza kwanza kama umeshafungua mlango wako, ndiyo na mimi nafungua wangu."

Nje gari lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka, vikatulia. Sikujua mtu anaweza kusimama mahali pamoja na kujisikia amefika.

Shangazi akakaa kwenye kigoda changu, mkoba juu ya mapaja. Hasira ilikuwa imemtoka yote na hakuna kilichoingia mahali pake bado.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema," akasema, kama anajisemea. "Nilimpikia, akanijengea, nikamzika vizuri. Neno hilo hakuwahi kunitamkia. Na mimi sikumtamkia. Nilidhani linakaa kwenye vitabu vya watoto."

Nikapiga magoti mbele yake. Hakunitazama mimi, alimtazama Fundi Meno, na uso wake ulikuwa wa msichana mdogo kabisa.

"Hebu rudia, mwanangu," akamwambia. "Taratibu. Nataka kusikia linavyosemwa."

Fundi Meno akanitazama mimi, akalirudia.